Mara ya kwanza Koshien: kiti kwanza, sheria za mchezo baadaye

Swali limetoka kwa dada mmoja, mwalimu wa sekondari Dodoma. Anakuja Osaka mwezi wa sita kwa mafunzo ya wiki tatu, wenyeji wake wamemwambia asithubutu kuondoka bila kwenda uwanja wa Koshien kuiona timu ya besiboli ya Hanshin Tigers, na yeye besiboli hajawahi kuiangalia hata kwa dakika kumi. Anauliza akate tiketi ya wapi, kama ataelewa chochote, na kama mwanamke mweusi akiwa peke yake katikati ya watu elfu arobaini wanaopiga kelele kwa Kijapani atakuwa sawa.

Dada, nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linalokusumbua zaidi. Utakuwa sawa. Mimi naishi huku mkoa wa Hyogo, nafundisha watoto besiboli na wageni wengi nimewapeleka uwanjani, na sehemu ambayo mgeni anapokelewa haraka kuliko zote Japani kwa maoni yangu ni jukwaa la Tigers. Kwenye treni watu watakaa kimya kila mtu na simu yake, lakini hapo jukwaani mzee wa jirani atakuonyesha lini upige makofi, mama wa nyuma atakupa pipi, na timu ikipata pointi watageuka wote kukugonga mikono kama wanakujua. Kuangaliwa utaangaliwa, hilo sikufichi, ila ni macho ya kutaka kujua tu. Wachezaji wageni weusi ligi hii imewazoea miaka mingi, Wladimir Balentien wa Curaçao alipiga homurani (mpira unaochapwa ukavuka ukuta wa uwanja) 60 mwaka 2013 akiwa na Yakult Swallows na akavunja rekodi ya 55 ya Sadaharu Oh ambayo ilikaa toka 1964, na kijana anayeitwa Louis Okoye, baba Mnigeria mama Mjapani, alitikisa uwanja huo huo wa Koshien mwaka 2015 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Sasa tiketi. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wageni wengi wanafanya kama wanavyofanya kwenye mpira wa miguu, wanatafuta kiti chenye kuona vizuri kuliko vyote, wanalipa hela nyingi wakae nyuma ya neti, halafu wanakaa masaa matatu na watu waliokuja na wateja wao wa biashara, wanaona kila kitu na hawahisi kitu. Kwenye besiboli ya Japani chagua kwanza watu wa kukaa nao. Ukikaa na watu sahihi mchezo utafundishwa na jukwaa lenyewe.

Koshien imegawanyika hivi. Viti vya ndani viko kuzunguka pale mpira unapopigwa, vingi vina paa kubwa juu wanaloliita Ginsan. Viti vya nje viko mbali, nyuma ya nyasi, na upande wa kulia ndo kuna wale mashabiki wenyewe wenye tarumbeta na ngoma, hao ni moto, lakini viti vyao wengi wanavishika msimu mzima na watu wanasimama muda wote timu ikipiga, kwa mara ya kwanza sio lazima uanzie hapo. Katikati ya ndani na nje kuna majukwaa marefu yenye mwinuko mkali yanaitwa Arupusu, yaani Alps, jina hilo lina karibu miaka mia sasa. Mimi nakushauri Arupusu ya upande wa beisi ya kwanza (beisi ni vile vituo ambavyo wachezaji wanakimbilia), yaani upande wa kulia. Uko karibu na zile tarumbeta kiasi cha kuzisikia kifuani, bei ni nafuu kuliko viti vya ndani, na wanaokaa hapo ni familia, wanafunzi, wafanyakazi waliotoka ofisini na suti zao wamevalia jezi ya njano juu. Usikate upande wa kushoto kule mwisho wa viti vya nje, kuna kona ya mashabiki wa timu ngeni, ukiingia hapo na kitu cha njano utaombwa ukivue. Na kinyume chake hivyo hivyo, kwenye upande wa Tigers usivae jezi ya timu nyingine hata kama umeipata bure. Hizo ni sheria zimeandikwa na wasimamizi wanazifuata.

Kununua, nunua mapema. Tiketi za mechi za msimu zinaanza kuuzwa kabla ligi haijaanza mwisho wa mwezi wa tatu, na mechi za wikiendi zinaisha haraka sana, za Yomiuri Giants wa Tokyo ndo usiseme, maana Tigers na Giants ni Simba na Yanga kabisa, chuki na heshima kwa pamoja. Timu ina ukurasa wa tiketi wa Kiingereza, unalipa kwa kadi. Kwa kuwa unakuja mwezi wa sita tafuta mechi ya Jumanne mpaka Alhamisi, inaanza saa kumi na mbili jioni, ukitoka darasani unafika. Wikiendi nyingi zinaanza saa nane mchana. Mwanzoni mwa mwezi huo pia kunakuwa na mechi za kuchanganya ligi mbili, Central na Pacific, kila moja ina timu sita, kwa hiyo unaweza kuwakuta Tigers wanacheza na timu ambayo Koshien haiji mara nyingi. Kwa walanguzi wa mtaani usinunue. Toka 2019 Japani ina sheria dhidi ya ulanguzi wa tiketi, na tiketi yenyewe inaweza kukataliwa getini, ukikosa tumia ile njia rasmi ya timu ya kuuziana.

Na kama ungekuja mwezi wa nane, sehemu kubwa ya mwezi ungekuta Tigers hawapo Koshien. Uwanja wanaachiwa wanafunzi wa sekondari, mashindano yao yalianza 1915 na yamehamia Koshien toka uwanja ulipofunguliwa 1924, na timu ya kulipwa inafungasha virago inacheza kwingine wiki kadhaa. Nchi nzima inaona ni sawa tu. Wanafunzi wakifungwa wanapiga magoti pale mbele ya benchi lao wanakusanya ule udongo mweusi wa uwanja kwenye mfuko, wanalia huku wanazoa, wanaenda nao nyumbani. Wewe ni mwalimu, waulize wenyeji wako kuhusu hilo, nakuhakikishia maongezi hayataisha usiku huo. Waambie pia kwamba Dar pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kwamba mashindano yetu ya taifa yanaitwa Tanzania Koshien. Wajapani wengi hawajui hilo, na wakisikia wanafurahi kweli.

Usafiri ni rahisi ila kuna mtego mmoja. Uwanja hauko Osaka, uko mji wa Nishinomiya, na unakwenda kwa treni ya kampuni ya Hanshin kutoka stesheni ya Osaka-Umeda mpaka stesheni inayoitwa Koshien, kwa ekspresi ni kama dakika kumi na tano, ukitoka mlangoni unauona. Mtego ni kwamba JR, kampuni nyingine ya treni, nao wana stesheni inaitwa Koshienguchi, jina linakaribia kufanana, simu yako inaweza kukupeleka huko na ukajikuta unatembea karibu nusu saa mjini. Angalia neno Hanshin. Na ukishuka jioni hiyo, kabla hujaenda uwanjani, ongeza hela kwenye kadi yako ya treni ya kurudi nayo, kwa sababu mechi ikiisha watu wote wale wanarudi kwenye stesheni ile ile moja na foleni ya mashine utaijutia.

Mwezi wa sita ni msimu wa mvua. Arupusu haina paa na mwavuli hauruhusiwi kufunguliwa vitini, unawazibia walio nyuma, kwa hiyo nunua koti la mvua la plastiki duka lolote dogo la mtaani na mfuko wa kufunikia begi. Mvua ndogo mechi inaendelea. Ikiwa kubwa wanaahirisha, na kama inningi ya tano haijaisha (inningi ni kila timu kupata zamu moja ya kupiga) unarudishiwa hela. Lakini usikate tamaa mapema ukiona madimbwi, wale mafundi wa uwanja wa Hanshin Engei ni maarufu nchi nzima kwa kukausha udongo, watu wanawapigia makofi wao kama wachezaji. Inningi ya tano ikiisha wanaingia kusawazisha, usiende chooni muda huo, waangalie wanavyotembea kwa mstari.

Haya, kuelewa. Hapa nitakaa kidogo.

Usijaribu kusoma sheria zote kwenye ndege. Ukifika kitini angalia ule ubao mkubwa mweusi kule nyuma katikati. Tafuta herufi tatu, B, S na O, kila moja ina vitaa pembeni, B vitatu vya kijani, S viwili vya njano, O viwili vyekundu. Hivyo vitaa ndo mchezo wote. Mrushaji anarusha, mpigaji akaupiga hewa akakosa, kinawaka kitaa cha njano. Amerusha mpira nje ya eneo halali na mpigaji akauacha upite, kinawaka cha kijani. Njano ikifika ya tatu mpigaji ametoka, kijani ikifika ya nne mpigaji anatembea bure mpaka beisi ya kwanza. Ndo maana taa ya njano ya tatu haipo, haina muda wa kukaa. Mpira ukipigwa ukaenda nje ya mistari unahesabiwa njano, ila hiyo haiwezi kuwa ile ya mwisho, kwa hiyo mpigaji mjanja anaweza kuichapachapa nje mipira sita saba akimchosha mrushaji na utasikia jukwaa linazidi kupanda sauti kila mara. Mtu akitoka, kwa njano tatu au mpira wake umedakwa hewani au umemtangulia kwenye beisi, kinawaka chekundu. Vyekundu vikifika vitatu timu zinabadilishana. Wageni wanapiga kwanza, wenyeji baadaye, hiyo ni inningi moja, zipo tisa. Wakifungana wanaongeza mpaka ya kumi na mbili, bado wakifungana ni sare, sare Japani zipo, Marekani hamna.

Sasa hali ambayo moyo unatakiwa kudunda ni hii: kijani tatu, njano mbili, nyekundu mbili, na Tigers wana watu kwenye beisi zote tatu. Kila taa imewaka. Mpira unaokuja, usipochapwa nje ya mistari, lazima uamue jambo, na wakimbiaji wote wanaanza kukimbia mrushaji anapoachia mkono kwa sababu hawana cha kupoteza. Ukiweza kuiona hali hiyo kwenye ubao kabla jirani yako hajakugusa bega, basi besiboli umeshaijua, hayo mengine utajifunza taratibu.

Kelele nazo zina utaratibu na huu ndo unawachanganya wageni zaidi kuliko mchezo. Mnapiga kelele timu yenu ikiwa inapiga tu. Wageni wakipiga, nyie mnakaa chini, mnakula, mnapiga stori, na kelele ni za ile kona yao ndogo kushoto. Usijaribu kuwazomea. Kila mchezaji wa Tigers ana wimbo wake, tarumbeta zinaanza, jukwaa zima linaimba, na katikati wanapiga kelele "kattobase" halafu jina lake, maana yake mchape mpira ufike mbali. Maneno hutayajua na haina shida, nunua vile virungu viwili vya plastiki vya njano nje ya uwanja, ni bei rahisi, uvigonganishe kwa mapigo wanayogonga wenzako. Inningi ya saba kabla Tigers hawajapiga ndo muda wa wimbo wa timu. Kwa miaka mingi hapo watu walikuwa wanapuliza baluni ndefu na kuziachia zote kwa pamoja, korona ilipokuja 2020 zikasimamishwa kwa sababu ya mate, siku utakayokwenda we fuata jirani anachofanya. Na mwishoni kabisa kama Tigers wanaongoza na bado mpigaji mmoja tu wa kutolewa, utasikia uwanja mzima unaimba "ato hitori", yaani bado mmoja. Hapo simama.

Kitu kimoja wenyeji wako watakusimulia hata usipouliza ni 1985, afadhali uende ukijua. Tigers ni timu kongwe, imeanzishwa 1935, inapendwa kuliko maelezo na imewaumiza watu wake sana. Mwaka huo 1985, tarehe 17 mwezi wa nne, hapo hapo Koshien dhidi ya Giants, wapigaji watatu mfululizo, Randy Bass, Kakefu na Okada, walipiga homurani tatu zote kuelekea ukuta wa katikati. Bass alikuwa Mmarekani anayepiga kwa mkono wa kushoto, na Koshien ina upepo wa bahari unaoitwa hamakaze unaotoka kulia kwenda kushoto, unawanyima homurani watu kama yeye, sasa yeye akajifunza kuupeleka mpira kushoto upepo umsaidie. Alimaliza msimu na homurani 54 na Tigers wakachukua ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Mashabiki walijirusha mtoni Dotonbori pale Osaka, na kwa kuwa hawakuwa na mtu anayefanana na Bass wakachukua sanamu ya yule mzee wa KFC mwenye ndevu wakaitupa mtoni. Basi miaka ikapita bila ubingwa, watu wakasema ni laana ya yule mzee, sanamu ikaopolewa 2009, na bado wakasubiri mpaka 2023. Kocha aliyewapa ubingwa huo wa pili alikuwa Okada, yule yule wa homurani ya tatu. Ukitaja tu Bass, Kakefu, Okada kwa mpangilio huo mbele ya mtu wa Kansai, yaani eneo hili la Osaka, mwenye miaka hamsini na kitu, umepata rafiki wa maisha.

Kula na kunywa. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho, watu wanakuja na mabento yao, yaani chakula cha kwenye kiboksi. Makopo na chupa za kioo haziingii, kinywaji cha kopo wanakumiminia kwenye kikombe cha karatasi getini. Koshien inajulikana kwa wali wa kari unaouzwa toka uwanja ufunguliwe, ila kama huli nguruwe kuwa makini huku, anaingia kwenye vitu usivyotegemea, kwenye tambi za kukaanga, kwenye soseji, hata kwenye rojo. Kwa wageni wangu Waislamu nashauri wanunue onigiri za samaki (matonge ya wali) mtaani kabla ya kuingia, na humo ndani maharage ya edamame. Bia zinauzwa na mabinti wanaopanda ngazi za Arupusu mbio na pipa mgongoni la kama kilo kumi na tano, mavazi ya rangi kali ili uwaone mbali. Unanyoosha mkono tu, anakuona hata ukiwa safu ishirini juu, anapiga goti kwenye ngazi anamimina kwa bomba, anasubiri povu likae, anakupa kwa mikono miwili, na anaondoka huku anatabasamu na jasho linamtoka. Usiponunua bia wapo wanaouza chai na soda kwa namna hiyo hiyo. Subiri mpira usiwe hewani ndo unyanyue mkono, na ukitaka kupita kwenye safu pita wakati wa kubadilishana.

Mpira ukija kwenye viti utasikia filimbi. Filimbi ikilia acha simu, angalia juu, ni mpira mgumu na unaumiza kweli, kila msimu wapo wanaogongwa. Ukikugusa hata kidogo mhudumu atakuja kukuuliza, usione aibu kusema unaumwa. Na kuhusu simu, picha za kumbukumbu piga, lakini usirushe laivu wala usipandishe video za mchezo ukiendelea, ligi inakataza.

Mechi ikiisha kwa ushindi usinyanyuke. Wanamleta mchezaji bora wa siku mbele ya benchi anahojiwa na uwanja mzima unasikiliza, halafu wimbo wa timu tena, na huku nyuma foleni ya stesheni inapungua. Takataka zako weka kwenye mfuko ushuke nazo mpaka kwenye mapipa ya chini.

Ukikosa kabisa tiketi ya Koshien, usihuzunike, nenda Kyocera Dome ukawaone Orix Buffaloes, iko Osaka mjini kwenyewe, ina paa lote kwa hiyo mvua sio hoja, na tiketi zinapatikana kirahisi zaidi ingawa timu ni nzuri, wamechukua ligi ya Pacific mara tatu mfululizo 2021 mpaka 2023 na ubingwa wa Japani 2022. Ule wa 2023 ndo walifungwa na Tigers hao hao kwa mechi nne kwa tatu. Unashuka stesheni ya Dome-mae kwenye laini ya Hanshin Namba. Kaa upande wa wenyeji, nunua virungu vyao, vitaa vya ubao ni vile vile.